Kamba ya Mbuzi wa Akika

Mumias, 14 Septemba 2025

Asalaam aleikum mwanangu,

Usishtuke kuona barua. Hakuna aliyekufa. Ni Milcah, yule dada wa kliniki anayenifundisha kuongea upya tangu kiharusi kinipige mwezi wa Juni, ndiye ameniamuru nikuandikie. Anasema kwa simu watu wananimalizia maneno. Na haki ni kweli. Nikianza tu, "Niletee ile…" mama yako ameshasema kikombe, Sumayya ameshakimbilia redio, na mimi nilitaka soksi. Nachukua redio nanyamaza. Karatasi haina haraka. Neno likikataa naenda kunywa chai, nikirudi nalikuta limekaa linaningoja.

Mkono wa kulia umerudi vizuri, alhamdulillahi. Ukisema naelewa kila kitu. Shida ni kutoa. Milcah anasema maneno hayajapotea, yote yako ndani, ila njia za kuyafikia ndizo zimeharibika kidogo. Ati kichwa si gunia la mahindi kwamba unatia mkono unatoa punje unayotaka. Kila neno limefungwa na mengine, ukivuta moja lingine linafuata. Nikamwambia hiyo naijua bila kwenda shule, ndivyo tulivyokuwa tunatoa ng'ombe sokoni Lubao, kamba moja ng'ombe watatu. Akacheka.

Na kwangu mimi iko hivyo kabisa. Watu wote wa miaka yangu ya udalali, majina yao yananijianga kwa ng'ombe. Mwalimu Wanzala ni ndama mwenye doa pajani. Huyo Abu mchumba wako ndiye simsahau hata kidogo, kwa sababu babake alinunua kwangu fahali aliyevunja ua wa kanisa siku ya Jumapili watu wakiwa ndani. Nikimfikiria fahali, Abu huyo hapo. Mwambie asinune.

Mama Sumayya anakusalimu sana. Jibu mpe Willis wa gari la mkate, anapita hapa kila asubuhi akitoka huko na ameahidi hatasoma barua zetu.

Mimi baba yako,
Husseini


Kakamega, 21 Septemba 2025

Wa aleikum salaam baba yangu,

Barua imefika ikinukia mkate! Nimeisoma nikicheka peke yangu mpaka mwenzangu Rachael akauliza ni Abu amenitumia nini. Abu mwenyewe nimemsomea sehemu ya fahali. Hakununa. Anasema ule ua ulikuwa umeoza tayari.

Hayo ya Milcah yamenifanya niwaangalie watoto wangu wa chekechea kwa jicho lingine. Juzi nilikuwa nawasimulia hadithi, nikasema, "Asubuhi mama akachukua jembe, akaenda…" halafu nikanyamaza makusudi. Darasa zima, "Shambani!" Hakuna aliyewaambia, baba. Kumbe kusikiliza si kukaa tu ukingoja maneno yakufikie. Kichwa kinatangulia kuyapokea njiani, kwa yale kinayoyajua. Isipokuwa Mitchel. Yeye akapaza sauti, "Kuliuza!" kwa sababu mama yake ana duka la majembe huku sokoni, na jembe halijawahi kwenda shambani maishani mwake. Wenzake wakamcheka, mimi nikampa nyota kwenye daftari.

Sasa lililo kubwa. Ndoa ni Jumamosi tarehe sita Desemba, hapo nyumbani, kwenye hema. Sheikh ameniambia baba ndiye walii, na atasema kwa mdomo wake mbele ya watu, "Nimekuozesha binti yangu Shamsia." Lazima jina litajwe waziwazi kwa sababu una mabinti wawili, na Sumayya bado yuko kidato cha tatu, usije ukamwozesha yeye! Sheikh anasema ukipenda unaweza kumpa baba mdogo Abdulfatah aseme kwa niaba yako. Mimi sitaki, baba. Nampenda baba mdogo, lakini nataka sauti yako. Nimeingoja tangu nikiwa msichana mdogo.

Binti yako,
Shamsia


Mumias, 5 Oktoba 2025

Asalaam aleikum mwanangu,

Sisi hatujambo. Miwa ya jirani imekatwa, sasa tunaona barabara mpaka kule chini, na mama yako anajua nani anakuja kabla hajafika. Huyo Mitchel nimempenda. Mpe nyota nyingine kutoka kwangu.

Nimekuwa nikimfikiria Abu. Ni kijana wa kazi. Trekta za miwa zikiharibika huko Matungu wote wanamwita yeye, na hajivuni. Mwambie Abu akija alete ile ya kufungulia, ya chuma, yenye meno, si unajua, bomba la jikoni linavuja. Mwambie Abu pia babake nimemsalimu.

Kuhusu hayo ya sheikh, tutaona. Abdulfatah ana sauti nzuri kunishinda, na watu watakuwa wengi. Si jambo la kuumiza kichwa.

Mama Sumayya amekuwekea kuku wawili wa kienyeji. Anasema harusi bila ingokho si harusi.

Baba yako,
Husseini


Kakamega, 10 Oktoba 2025

Baba,

Nimekaa na barua yako siku kadhaa nikitafuta namna ya kukujibu kwa adabu. Nimeshindwa, basi nisamehe, nitasema ilivyo.

"Tutaona." Baba, nimekuomba kitu kimoja tu katika harusi yote hii, na wewe unaniambia Abdulfatah ana sauti nzuri. Kwani nimetafuta muadhini?

Na kuna lingine. Nimerudia barua zako zote mbili. Abu umemtaja, Sumayya umemtaja, Milcah, Willis, Wanzala na ndama wake. Mimi hujanitaja hata mara moja. "Mwanangu, mwanangu." Hilo ningelimeza. Lakini mama yetu tangu nizaliwe anaitwa Mama Shamsia. Soko lote linamwita hivyo. Wewe mwenyewe ulikuwa ukimwita hivyo kutoka kitandani mpaka jikoni. Leo amekuwa Mama Sumayya? Mimi mzaliwa wa kwanza nimetolewa hata kwenye jina la mama yangu?

Kama humtaki Abu, sema humtaki. Kama nimekukosea kwa kwenda kukaa Kakamega, sema pia. Lakini usinifute polepole hivi kama chaki ubaoni. Nimelia, baba, na mimi si mtu wa kulia.

Shamsia


Mumias, 19 Oktoba 2025

Mwanangu,

Nilisoma barua yako nje, chai ikapoa, nzi akaogelea. Umekasirika na una haki, lakini umekasirikia kitu ambacho hakipo. Abu nampenda kama niliyemzaa. Wewe kwenda Kakamega najivunia, muulize Willis nimemchosha kiasi gani na habari za darasa lako.

Sasa sikiliza, na usimwambie Abdulfatah.

Jina lako limenipotea.

Wewe hujanipotea. Nakuona ukikataa uji. Nakuona ulipoanguka kwenye mtaro na sare mpya siku ya kwanza ya shule ukarudi nyumbani ukilaumu mtaro. Nasikia sauti yako ukigombana na jogoo. Vyote viko hapa, karibu kabisa. Lakini nikitaka kukuita, pale jina linapokaa naona mahali patupu, halafu Sumayya anakuja anasimama mlangoni. Namsukuma, anarudi. Milcah anasema hivyo ndivyo ilivyo, jina linalotumiwa kila siku linaliziba lile la nyuma yake. Sumayya niko naye nyumbani kila atokapo shule nikimwita lete hiki peleka kile. Ndiyo maana mama yako amekuwa Mama Sumayya. Mara ya kwanza iliponitoka alikuwa anapepeta mchele, akaacha, akaniangalia. Nikajifanya nimekusudia. Nilidhani nitalipata kabla hujagundua. Niliona aibu, mwanangu, hilo ndilo lote.

Utasema jina si umelitia chini ya barua? Nalisoma. Macho yanalijua vizuri sana. Nikikunja karatasi limekwenda. Kulinakili ningeweza, lakini nilipojaribu nilijiona kama karani anayeita wagonjwa kwenye foleni. Sheikh, ambaye mbali na Milcah ni yeye tu nimemweleza, amesema atanitajia nirudie. Kasuku pia anarudia. Mimi ndimi niliyekupa hilo jina, kabla mtu yeyote nje ya nyumba hii hajalisikia, na nitakutoa nalo kwa kulitafuta mwenyewe. Nikishindwa, Abdulfatah aseme.

Usilie tena. Ukilia na mama yako analia, na ukija upishi wa machozi mimi ndiye ninayekula ugali mbichi.

Baba yako,
Husseini


Kakamega, 24 Oktoba 2025

Baba yangu kipenzi,

Nimelia tena, usiniamrishe. Lakini kilio cha sasa ni kingine, hiki nimelia nikiwa nakula.

Ungeniambia! Ningekuwa nimekuja na mabango nikabandika ukutani kama darasani kwangu. Haya, sitabandika. Sitakutajia herufi ya kwanza pia, najua utakasirika. Lakini mimi ni mwalimu na nina mbinu yangu, unisikilize.

Mtoto akisahau neno mimi simpi. Namuuliza, "Ulikuwa wapi ulipolisikia?" Juzi Mitchel alikwama kabisa. Alitaka kutaja kitu cha kutwangia, mikono inatwanga lakini jina halitoki. Nikamuuliza alikiona wapi. Akasema kwa nyanya. Nyanya anakaa nyumba gani? Yenye mlango wa kijani. Nani mwingine alikuwapo? "Kuku alikuwa amelala juu ya kinu!" Akajisikia mwenyewe akisema kinu, macho yakamtoka. Alikuwa amerudi kwa nyanya yake akalikuta neno pale pale alipoliacha.

Basi wewe umeandika ulinipa jina kabla mtu yeyote nje ya nyumba hajalisikia. Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa nani? Mlikuwa wapi? Nenda huko, baba. Usilifukuzie jina. Nenda mahali.

Shamsia wako


Mumias, 2 Novemba 2025

Mwanangu mwalimu,

Nimempata mbuzi! Siku ya sita baada ya kuzaliwa kwako nilienda Lubao kukununulia mbuzi wa akika, wa kuchinjwa kesho yake siku ya saba, ndipo upewe jina mbele ya watu. Mweupe, sikio moja jeusi. Mvua ilikuwa imenyesha, nilivaa gamubuti za Abdulfatah zinanibana. Aliyeniuzia ni Wangila wa Butere, mwenzangu wa udalali, yule mzee wa kanisa anayecheka kama anakohoa. Namwona. Namwona mbuzi, naona hadi kamba.

Jina silioni. Nimemtumia Wangila ujumbe, nikamweleza shida yangu, aje.

Husseini


Mumias, 16 Novemba 2025

Mwanangu,

Kaa chini kabla hujasoma.

Wangila alikuja Jumatano. Amezeeka, lakini kile kikohozi cha kucheka bado kizima. Alikuwa ameleta ndizi na, usiulize alifikiriaje, kipande cha kamba ya mkonge. Tulikaa uani. Tuliongea kama zamani, na unajua madalali hatumalizanga sentensi. Yeye, "Yule wa Malava wa jicho…" Mimi, "Hee, na mkewe aka…" Tukacheka mpaka mama yako akatoka kuangalia. Hatujasema kitu na tumeelewana kila kitu, kwa sababu yote tuliyaona pamoja. Milcah angekuwapo angeandika daftari likaisha. Mwanangu, tangu Juni sikuwa nimeongea hivyo na mtu.

Halafu Wangila akaniambia, "Wewe umesahau nilivyokutesa siku ile?" Kumbe siku ile ya Lubao tulikuwa tumemalizana, nimeshika kamba ya mbuzi, na yeye akakataa kuachilia upande wake. Akasema, "Mbuzi wangu simwachilii hivi hivi. Anachinjiwa nani? Mtoto anaitwa nani?" Nikamwambia jina halitajwi mpaka kesho. Akavuta kamba. Nikavuta. Mbuzi katikati analia, watu wanatutazama, mvua inarudi. Mwishowe nikamsogelea sikioni nikamwambia. Ndipo akaachilia. Kwa hiyo mtu wa kwanza kusikia jina lako alikuwa mzee wa kanisa wa Butere, kabla ya sheikh, kabla ya Abdulfatah, na mpaka leo hajamwambia mtu kwamba alitangulia.

Basi akasimama pale uani, akanipa ncha ya kamba, akashika nyingine. Akavuta. "Mtoto anaitwa nani?"

Nikalisema.

Haki ya Mungu, nililisema, kubwa, kuku wakatawanyika. Mama yako alitoka mbio na mwiko. Wangila akaanza kukohoa na kulia pamoja. Nikasema tena. Tukavuta na kuvuta kama watoto.

Sasa jambo baya kidogo. Alipoondoka nikakaa kukuandikia, likawa limekwenda. Nimeshika kamba peke yangu asubuhi yote, ni kamba tu. Nimemwambia Sumayya ashike ncha ile, likakaribia, likarudi. Lazima avute Wangila na aulize yeye. Milcah anasema si ajabu, jina limefungwa na yote ya siku ile, mkono, mvutano, sauti yake. Anasema tukizoea polepole litaanza kuja kwa wengine pia.

Lakini harusi si polepole. Nikamwomba Wangila aje na kamba hiyo hemani. Na hapo ndipo Abdulfatah akajua kila kitu, akaruka kama aliyekanyaga siafu. "Kaka, utashika kamba ya mnyama mbele ya wakwe ukimtoa binti yako? Watu wa Matungu watasema unamuuza! Dalali wa Lubao amemleta bintiye mnadani!" Mama yako naye amekubaliana naye. Sijui la kufanya. Wewe ndiye bi harusi, sema.

Baba yako,
Husseini


Kakamega, 20 Novemba 2025

Baba,

Njoo na kamba.

Waseme wanavyotaka. Abu nimemweleza, anasema ukitaka mbuzi mwenyewe awepo ataleta mbuzi.

Shamsia


Mumias, 30 Novemba 2025

Asalaam aleikum mwanangu,

Hii nadhani ni barua yangu ya mwisho kabla hujaja na mizigo yako.

Nimekusikia, na Abu mwambie Mungu ampe heri. Lakini kamba haitakuja. Mama yako alilia juzi, tena kwa sauti ya chini, ile isiyojibika. Alisema amengoja siku hii naye pia, na hataki kusikia cheko hata moja nyuma ya pazia la wanawake. Huyu ni mtu aliyenilisha kwa kijiko Juni nzima. Siwezi.

Kamba nimeirudishia Wangila. Nimemwomba aje hivyo hivyo, akae mbele nimwone. Nitakaa kwenye mkeka na Abu, nitamshika mkono, nitajaribu kwenda Lubao kwa miguu yangu. Nimekubaliana na sheikh asinitajie. Anipe muda. Nikikwama kabisa, nitamwinulia Abdulfatah mkono, yeye amalizie, na wewe usihuzunike. Ndoa itakuwa ni ndoa ileile.

Nimeogopa, lakini nina furaha pia. Nimeshona kanzu mpya. Mama Sumayya anasema nimependeza, na amesema hivyo akijua nimemwita jina lisilo lake. Amezoea sasa, ananiitikia tu.

Uje salama.
Baba yako,
Husseini


Matungu, 13 Desemba 2025

Asalaam aleikum baba yangu, na salamu kwa mama,

Nakuandikia kutoka kwangu! Nina jiko langu, mlango wangu, na mama mkwe asiyeniachia sufuria. Kila nikisonga obusuma anakuja kuangalia, eti ugali nausonga kama ninapaka rangi ukuta. Abu anakula vyote, vyangu na vya mama yake, ana raha mbaya. Nimefurahi, baba, sijui niseme vipi zaidi.

Lakini kuna kitu kinaniwasha wiki nzima.

Mimi nilikuwa ndani na wanawake, unajua. Tulikuwa tukisikia kwa spika tu. Tulimsikia sheikh. Tulikusikia ukianza, "Nimekuozesha binti yangu…" Halafu kimya. Mama alinishika mkono, kucha zikaniingia. Nikasikia kipaza sauti kikikwaruza. Mtu akakohoa. Nikasema moyoni, basi, sasa atasema baba mdogo, na nikaanza kujiambia kwamba sitajali. Sumayya pembeni yangu amefumba macho, ananong'ona, "Asiseme mimi, asiseme mimi."

Halafu tukasikia watu wakishangaa, eee! Kama pumzi ya watu wengi. Mtu akacheka kidogo. Kisha sauti yako: "Shamsia. Binti yangu Shamsia!" Kwa nguvu, baba, spika ikapiga kelele. Ukarudia tena hakuna aliyekuomba. Mama aliachia kigelegele kabla Abu hajaitikia, sheikh ikabidi atunyamazishe.

Nini kilitokea katika kile kimya? Baba mdogo namuuliza, anasema, "Muulize babako," huku ameuma midomo asicheke. Abu anasema aliahidi kutosema. Amemwahidi nani? Ndoa ina wiki moja na tayari ana siri! Nieleze kila kitu.

Shamsia


Mumias, 21 Desemba 2025

Asalaam aleikum,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kuandika barua hii kwa namna fulani, utaona.

Nilimshika Abu mkono wa kulia kama inavyotakiwa. Hilo ndilo kosa la kwanza, kwa maana nilipomshika tu yule fahali wa babake akaingia kichwani akajaa hema lote. Nikasema mpaka "binti yangu," nikageuka kwenda Lubao. Nikaona mvua, nikaona gamubuti. Nikamwona mbuzi. Nikafika mpaka kwa Wangila, lakini mkono wangu wa kushoto ulikuwa mtupu na kila nikitaka kuvuta hakuna cha kuvuta. Sumayya akaja akasimama mlangoni. Alifika hapa kwenye ulimi, mwanangu. Niliuma meno. Hicho kikohozi ulichosikia kilikuwa cha Abdulfatah, alikuwa anakaribia, na mimi nikaanza kuinua mkono nimwite amalizie.

Wangila alikuwa mbele, amevaa suti yake ya kanisani na tai nyekundu yenye mistari. Alinitazama. Halafu, mbele ya sheikh, mbele ya wakwe wote wa Matungu, akaanza kujifungua tai. Watu wakashangaa, ndiyo ile eee uliyosikia. Ilimkwama shingoni kidogo. Akaipitisha kichwani, akaikunjua, akainama akanitia ncha moja mkononi, akashika ile nyingine. Akavuta.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mtoto anaitwa nani?"

Mwanangu, mvua ilinyesha ndani ya hema. Mbuzi akalia. Na wewe ukaja, jina lako lote, kama halijawahi kwenda mahali. Nililisema mara ya pili kwa sababu lilikuwa tamu mdomoni.

Aliyecheka alikuwa babake Abu. Baadaye alikuja akanishika bega akasema hajawahi kuona mtu akivuta hivyo kwa ajili ya binti, na kama huko ni kuuza basi yeye hajui biashara. Abdulfatah alisikia. Alienda mwenyewe kumtafutia Wangila kiti cha mbele kwenye pilau. Abu nilimwomba asikwambie kwa sababu nilitaka kukwambia mimi.

Tai Wangila amekataa kuirudisha kwake. Anasema ni ya mbuzi sasa.

Sumayya amekaa upande ule wa meza, ameshika ncha yake, mimi nimeshika hii kwa mkono wa kushoto, wa kulia unaandika. Sitakudanganya kwamba siihitaji. Ninaihitaji. Sumayya analalamika kwamba nguo zinaloa kwenye kamba huko nje na mimi nimemfanya mti. Lakini sikiliza: anavuta yeye, na anauliza yeye, na linakuja. Wangila yuko kwake Butere. Milcah nimemwonyesha, amepiga makofi kama mtoto.

Juzi jioni nilitoka bafuni nikiwa na sabuni machoni, nikamwita mama yako anipe taulo, bila kufikiri, bila tai, bila mtu kuvuta. Nikasikia jikoni kitu kimeanguka. Akatoka na unga mikononi, akasimama, akasema, "Umeniitaje?" Nikaogopa kurudia nisiliharibu. Akasema, "Niite tena." Nikamwita. Akanipa taulo akarudi jikoni, na nimekula samaki siku mbili mfululizo.

Angalia bahasha. Jina lako nimeliandika mwenyewe juu yake, kila herufi, hakuna aliyenishikia kalamu. Mama Shamsia anakusalimu sana.

Baba yako,
Baba Shamsia